Mlalo wa Kitonga

1

Iringa nzima ilijua kwamba wakaguzi wa magari ya wagonjwa wanalipwa kwa kulala, na Edmunda Kikoti alishachoka kubisha. Akipita stendi, vijana wa bodaboda walimuuliza kama jana alipata usingizi mzuri. Fundi cherehani wake aliwahi kumshauri sare mpya aishonee na mto. Yeye alitikisa kichwa tu, kama mtu anayefukuza inzi kwa adabu, akaendelea na safari yake. Angebisha nini? Walikuwa sahihi. Kazi yake ilikuwa kulala.

Asubuhi ile alikuja kulala Ipogolo, kwenye uwanja wa kampuni ya Pandisha, ndani ya gari lao moja na la pekee. Alivua viatu, akapanda kwenye machela, akajifunika shuka la kijivu la Mamlaka iliyomwajiri, lile lenye nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, kisha akaweka kidole gumba cha kulia juu ya kitufe cha kutokea. Nje ya mlango wa nyuma alisimama mkaguzi mwenzake, Ambakisye, mtu mzima mwenye kitambi na subira, kishikwambi mkononi. Pembeni yake, mikono kiunoni, alisimama muuguzi wa gari hilo, Wilfrida Komba.

"Lala salama, mke mwenzangu," Wilfrida alisema.

Mafundi wa Pandisha wakacheka. Ambakisye naye akakohoa kikohozi cha mtu anayeficha kicheko cha watu wazima.

Wilfrida alikuwa Mngoni, Edmunda Mhehe, na asiyejua maana yake basi hajawahi kuzika mtu nyanda hizi. Babu zao walichinjana mpaka wakachoka, wakakubaliana kwamba kuanzia pale watatukanana tu. Mngoni anaweza kuingia kwa Mhehe, akamwita mla mbwa, akabeba kuku asiulizwe. Mhehe anaweza kumwambia Mngoni, tena mbele ya maiti ya baba yake, maneno ambayo yakisemwa na mtu baki yanaishia polisi. Ndio utani. Kumwita mtani wako mke mwenza ni salamu, hata "shikamoo" ina uzito zaidi. Lakini salamu hii ilimkwama Edmunda kooni kama mwiba wa samaki, kwa sababu mume wa kugombewa alikuwapo kweli, na jina lake ni Faustini.

Faustini Kihwele, mume wa Edmunda, alikuwa mfuga nyuki. Moto wa msituni uliunguza mizinga yake yote, na kuanzia siku hiyo alinyamaza. Hakikuwa kimya cha ugomvi. Kilikuwa kimya cha redio iliyokatwa waya: ipo mezani, unaipangusa vumbi, haisemi. Edmunda alijaribu pilau, akajaribu vichekesho vya kwenye simu, akafikia hatua ya kumwalika binamu yake mlevi ambaye hajawahi kushindwa kuchekesha watu. Binamu alikunywa, akaanguka, akaondoka. Faustini alimwokotea kofia yake tu.

Kisha masika yakaja. Faustini akashuka Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, moyo ukamgomea palepale gulioni, na gari la Pandisha likampandisha mlima Kitonga hadi hospitali ya mjini. Akarudi nyumbani amekonda, tena anacheka. "Yule mtani," anaanza, kijiko kikiwa hewani, halafu anacheka peke yake mpaka chai inamwagika. Ukimuuliza alisema nini hasa, anapangusa macho na kukujibu kwamba ah, ungekuwepo.

Ungekuwepo. Edmunda alilibeba neno hilo kwenda kazini na kurudi nalo jioni, kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshikie kidogo na jirani akahama.

"Tayari?" Ambakisye aliuliza.

Edmunda akajibu kwamba yuko tayari. Shuka likapata joto.

2

Zamani, kabla ya milalo, gari la wagonjwa la mtu binafsi lilikuwa basi dogo lolote lenye king'ora. Wengine walisafirisha saruji chini ya machela ili safari isiende bure. Wengine walisimama katikati ya mlima kupatana bei upya na mgonjwa, ambaye kwa wakati huo hakuwa na nguvu ya kushuka. Siku ya ukaguzi kila kitu kilioshwa na kupakwa rangi, mitungi ya hewa ikaazimwa, wauguzi wakaazimwa pia. Mpaka mtu mmoja pale Mamlaka akasema jambo la kijinga ambalo hakuna aliyeweza kulipinga: gari linaweza kuoshwa, mgonjwa hawezi. Basi tumkague mgonjwa.

Ndipo machela zote zikavikwa ngozi. Ngozi hiyo hushika mapigo, pumzi, mtikisiko na maumivu ya kila anayelazwa juu yake, pamoja na sauti za waliokuwa karibu. Kila msimu Mamlaka huchagua safari moja kwa bahati nasibu, isiyo na jina wala tarehe, na mkaguzi, chini ya lile shuka, huibeba mwilini mwake mwanzo hadi mwisho. Maumivu hupunguzwa, huachwa robo tu. Wanasema mkaguzi wa kwanza kabisa alibeba safari ya mama aliyejifungua mapacha njiani, akaamka na kuomba likizo ya uzazi. Safari ikishalaliwa ngozi huisahau, isije siri ya mgonjwa ikageuka sinema.

Na ipo sheria moja ambayo kila mkaguzi huapishwa nayo: ukimtambua uliyembeba, bonyeza kitufe, inuka, mwenzako alale.

Edmunda alianza kwa kusikia uzito kwenye mkono wa kushoto, kisha mtu asiyeonekana akamkalia kifuani. Goti la kulia lilikuwa gumu, goti la mtu aliyepanda miti mingi. Gari lilikuwa linapanda. Alilisikia likiinama nyuma na kukata kona. Hofu ikampanda, hofu ya mtu mwingine, yenye ladha ya shaba. Halafu kidole gumba cha mkono wa kushoto, bila yeye kukiambia, kikaanza kusugua kovu kwenye kidole cha shahada. Polepole, kwa mviringo.

Edmunda hana kovu pale. Mwenye kovu pale ni Faustini, aliumwa na nyuki utotoni, na anapoogopa hulisugua hivyohivyo.

Kidole gumba cha kulia kilikuwa juu ya kitufe. Kilibaki juu ya kitufe, na hakikubonyeza.

Mtamlaumu, nami siwakatazi. Ila mfikirieni mtu aliyeambiwa ungekuwepo, halafu siku moja akajikuta yupo.

"Wewe Mhehe," ilisema sauti ya Wilfrida, kutoka mbali kidogo, miguuni kuelekea mlango wa nyuma, "usinifie humu. Gari limeoshwa leo."

Moyo uliruka pigo. Kinyago cha hewa kilikuwa kimehama puani, Edmunda alisikia hewa ikipotelea shavuni. Alingoja mkono wa kukirudisha. Mkono haukuja, ilikuja sauti.

"Ukifa, mimi ndiye nitakayevaa suruali yako matangani na kutembea kama wewe watu wakuage vizuri. Na nimekuona ukitembea pale gulioni. Kama mbwa aliyemwona Mhehe ameshika sufuria."

Kitu kikatokea chini ya ubavu wa kushoto. Kwanza kilikuwa mchomo. Kisha mchomo ukafunguka, ukageuka joto, joto likapanda kooni, na Edmunda Kikoti, mkaguzi wa daraja la kwanza, akacheka kwa kinywa cha mume wake. Kichwa kikajigeuza kwenye mto kufuata sauti, na kwa kujigeuza huko kinyago kikarudi mahali pake. Hewa ikaingia. Moyo ukashika mwendo, kwa kusuasua, kama punda aliyekubali.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Ndivyo anavyojisikia mtu huyu akicheka. Miaka yote ya ndoa alikuwa akikiona kicheko kwa nje, kama anayetazama taa ya nyumba ya watu. Sasa alikuwa ndani, na aliyewasha taa si yeye. Wivu ulimbana hadi akashindwa kutofautisha robo ya maumivu ya Faustini na maumivu yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyeyapunguza.

Ndiyo maana karibu akose kulisikia lile jambo jingine. Kila kona ya kushoto, machela ilirudi nyuma. Si sana, kiasi cha shibiri. Ilirudi kuelekea mlangoni, ikagonga kitu laini, ikasimama. Na kila ilipogonga, sauti ya Wilfrida ilikatika kidogo, kama ya mtu aliyepigwa gotini na hataki kusema.

3

"Uliyembeba unamjua?" Ambakisye aliuliza. Ni swali la sheria, huulizwa kila mlalo, na wakaguzi wamezoea kujibu hapana kabla halijamalizika.

Edmunda alikaa kitako. Uso ulikuwa umelowa. Uwanja mzima ulimtazama, na Wilfrida alimtazama kuliko wote, kwa macho ya mtu aliyeanza kuhesabu safari zake za msimu na kufikia ile isiyofaa.

Kulikuwa na mambo mawili kwenye kishikwambi cha Ambakisye. La kwanza lilikuwa doa jekundu. Kila gari lina sikio la kulinda wagonjwa dhidi ya lugha chafu, na sikio lilikuwa limesikia mbwa, suruali na matanga, likaandika: matusi kwa mgonjwa mahututi. Waliolifundisha lile sikio walikuwa watu wa heshima wasio na watani. Doa hilo lilikuwa la tatu kwa Wilfrida, na madoa matatu huondoka na leseni ya muuguzi. Ni mkaguzi aliyepangiwa gari tu anayeweza kulifuta, kwa neno lake, kabla ya siku ya ukaguzi kuisha. Edmunda hakuhitaji kusema uongo wowote, wala kuandika lolote. Angenyamaza tu, na jua lizame.

Jambo la pili lilikuwa la kijani: komeo la machela, zima. Kipimo kilisema limefunga. Ambakisye alilijaribu kwa mkono, akalijaribu kwa kitambi, halikucheza. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, lilikuwa komeo zuri kuliko mengi.

"Namjua," Edmunda akasema. "Ni mume wangu."

Mafundi walisahau kucheka. Ambakisye alishusha kishikwambi taratibu, akamkumbusha kwa upole kwamba kama ni hivyo mlalo ni batili, ngozi imeshasahau, na gari litarudi barabarani mchana huuhuu hadi msimu ujao. Alisema pia, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba kitufe kilikuwepo.

Edmunda akajibu kwamba anajua kitufe kilikuwepo, hilo atalijibu mbele ya Mamlaka. Kwa sasa anaomba mlalo hai. Kitonga. Yeye mwenyewe juu ya machela, gari likipanda.

Ambakisye alimvuta pembeni. Alimweleza kile ambacho mji mzima ungesema kabla hawajafika hata Ilula: kwamba mama mkaguzi ana wivu na mtani wa mumewe, amekosa sababu ya kulifunga gari, sasa anaitafuta kwa tochi.

"Wana haki," Edmunda alimwambia. "Wivu ninao. Na komeo ni bovu. Vyote viwili."

4

Kitonga hakijabadilika sana. Magari sasa yanajiendesha yenyewe kwenye tambarare, lakini wakifika pale madereva hushika usukani kwa mikono miwili na kuacha kuzungumza. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni hewa.

Waligeuza chini, kijijini Mahenge, wakaanza kupanda. Ambakisye alikaa mbele na dereva. Nyuma walikuwa wanawake wawili. Edmunda alilala amefungwa mikanda, dari likimtazama. Wilfrida hakukaa kwenye kiti cha muuguzi. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa nyuma, na mguu wake wa kulia ukaenda wenyewe kwenye kibao cha miguuni pa machela, kama mkono wa mzee unavyoijua fimbo ilipo.

"Toa mguu," Edmunda alisema.

Wilfrida aliuliza mguu upi, maana yeye kwao wana mingi. Kona ya kwanza ikaja, machela ikajaribu kurudi, goti likaikataza.

Kisha Wilfrida akaanza kueleza, bila utani, na sauti yake bila utani ilikuwa ndogo kuliko ilivyotegemewa. Komeo limeisha meno kwa ndani. Tajiri mwenye gari ameambiwa mara nyingi. Kifaa kinatoka ng'ambo, na mpaka kifike gari lingesimama, na likisimama hakuna jingine linaloshuka huku. Makampuni ya mjini hayataki Kitonga, yanataka wagonjwa wa tambarare. Kwa hiyo yeye amekuwa komeo.

"Kila niliyempandisha hapa nimempandisha kwa goti hili," alisema. "Ukilifunga gari, mke mwenzangu, sema wewe nani atawapandisha."

Edmunda alilitazama dari. Mamlaka ilikuwa na jibu, limeandikwa vizuri: huduma isiyo salama si huduma. Anayeandika vile hajawahi kuugulia Mahenge.

"Kinyago chake kilihama," alisema mwishowe. "Puani. Nikangoja mkono wako. Haukuja."

Wilfrida alikaza goti kwa kona nzima.

"Ulikuwa hapo ulipo sasa," Edmunda akaendelea. "Umeshikilia machela. Hukuweza kumfikia."

"Ningefanya nini?" Wilfrida alisema. "Nikiachia machela anakwenda mlangoni. Nisipoachia anakosa hewa. Mikono haikufika. Ulimi ulifika. Nikamtukana ageuze kichwa."

Hapo Edmunda alipaswa kufarijika. Jiwekeni mahali pake: umekesha miezi ukidhani mwanamke mwingine ana kitu mumeo anachokipenda, leo unaambiwa ilikuwa matibabu tu. Lakini wivu si mwanasheria, hauachi kesi kwa kukosa ushahidi. Kilichomuuma sasa kilikuwa kibaya zaidi. Kama angekuwa yeye pale sakafuni, Edmunda mwenye cheti na daraja la kwanza, angesema nini kumfanya Faustini ageuze kichwa? Alitafuta. Hakupata neno hata moja.

"Na siku ulimi usipofika?" aliuliza. "Ukimpata Mchaga? Ukimpata kiziwi?"

Mbele, kona kubwa ya kushoto ilikuwa inakuja, ile ambayo malori huipigia honi kabla ya kuifikia.

"Toa mguu, mtani."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Wilfrida alimtazama kwa muda. Kisha akajisogeza pembeni, akavuta goti lake kifuani, akalikumbatia.

Machela ilikaa tuli kiasi cha kumfanya Edmunda awaze kwamba labda alikosea. Halafu gari likainama, kitu kikatoa sauti ya jino linalong'oka, na dari likaanza kwenda mbele. Hakupata muda wa kuogopa. Aligonga mlango wa nyuma kwa miguu kisha, machela ikipinda, kwa bega, mlango ukalia, kitasa kikayumba, na kwa upenyo wa kidole aliona nje: hewa tupu, na chini kabisa mabati ya Mahenge yaking'aa kama sarafu.

Wilfrida alishamrukia, amemlalia juu, mikono yote miwili kwenye kitasa. Walibaki hivyo mpaka gari liliposimama. Alinuka sabuni na jasho, na moyo wake ulikwenda mbio kuliko wa Edmunda.

"Kama gunia la mahindi," Wilfrida alinong'ona. "Mungu wangu. Umekwenda kama gunia la mahindi."

5

Ambakisye alipiga lakiri mlangoni waliporudi Ipogolo, jua likiwa limeshaegemea. Gari halitatembea hadi komeo jipya lifungwe. Tajiri wa Pandisha alipiga simu akafoka, kisha akapiga tena akabembeleza.

Likabaki doa jekundu.

Edmunda aliingia peke yake garini, bega limefungwa kwa kanga, akakaa kwenye kiti cha muuguzi. Sikio lilikuwa kijitundu tu ukutani, dogo kuliko kifungo. Angeweza kuondoka. Alilipima wazo hilo bila haraka, kama mtu anayeonja mboga. Bila leseni, Wilfrida angerudi kwao Songea. Jina lake lingechakaa mezani, taratibu, kijiko kingerudi kuwa kijiko. Na hakuna ambaye angejua, kwa sababu kunyamaza hakuna alama za vidole.

"Futa doa," alisema.

Sikio likataka sababu.

"Huyu ni mtani wa mgonjwa."

Sikio likasema, kwa ile sauti ya kike isiyo na kabila, kwamba halilijui neno hilo katika orodha ya mahusiano ya kitabibu. Likamwomba aeleze.

Edmunda alifikiri. Nje, Wilfrida alikuwa akiwaonyesha mafundi, kwa mikono na makalio, jinsi mama mkaguzi alivyoteleza.

"Ni mtu mwenye ruhusa ya kukutukana," alisema, "kwa sababu ukifa ndiye atakayekuzika. Anayekutania gari likiwa linapanda anakwambia kwamba kazi ya kukuzika haitaki leo."

Sikio likatafakari kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha likauliza kama kila tusi basi ni matibabu.

"Hapana," Edmunda alisema. "Mimi kwa mfano yananiuma hadi sasa."

Doa likafutika.

6

Mji ukasema ulichosema. Na kwa sababu mambo hayakosi kukuchekea unapoyapa mgongo, wiki hiyohiyo fundi mwashi mmoja wa Mahenge aliangukiwa na ukuta, akapandishwa Kitonga kwa lori la vitunguu. Aliishi. Mguu wake ulibaki hospitali. Madaktari walisema pengine ungeokolewa kama angewahi, pengine usingeokolewa. Mji haukulihitaji lile pengine la pili. Ukasema mguu wa fundi umeliwa na wivu wa mama mkaguzi.

Edmunda alikwenda kumtazama wodini, akakaa kwenye benchi mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha. Mamlaka nayo ilimsimamisha msimu mmoja kwa kutobonyeza kitufe. Alikubali. Kilichomshinda kilikuwa nyumbani. Faustini hakufoka. Alisema tu, mezani, "Yule fundi, mguu wake," kisha akalaza kijiko. Redio ikakatwa waya tena. Na kiapo cha wakaguzi kilimkataza Edmunda kumwambia aliyelazwa kilichosikika katika mlalo, awe mume, awe nani. Hakuweza kumwambia: niliteleza ndani ya mwili wako.

Jumamosi, kabla ya chakula cha mchana, Edmunda alikuwa anapepeta mchele uani na Faustini amekaa kizingitini akitazama mahali ambapo mizinga haipo. Geti likasukumwa bila hodi. Wilfrida Komba akaingia, akapita kati yao kama hewa, akainama nyuma ya jiko, akainuka na kuku jike mwekundu kwapani.

"Faini," alisema. "Komeo limefika, gari linatembea Jumatatu, lakini mshahara wangu wa siku nilizokaa bure umo ndani ya kuku huyu. Nimemshika kwa woga. Kuku wa Wahehe, nilidhani atabweka."

Faustini aliinua kichwa. Edmunda alikiona, akakiona pia kilivyogeuka kuifuata ile sauti, akajua hasa ni upande gani wa shingo unaovutika na kwa nini. Wivu ukamchoma.

"Na wewe mume wangu wa gulioni," Wilfrida aliendelea, "nasikia umemnunia mke mwenzangu. Hajakwambia? Huyu alilala mwenyewe machela ileile, kona ileile, akaniambia nitoe mguu. Akaenda mlangoni kama gunia la mahindi. Niliona Mahenge yote kati ya vidole vyake vya miguu. Ingekuwa wewe siku ile nimechoka goti, sasa hivi nimevaa suruali yako."

Faustini alimtazama mkewe. Akalitazama bega lake, lile alilokuwa ameambiwa kwamba mkewe aliligonga mlangoni, jambo ambalo, kwa kweli, halikuwa uongo.

Wilfrida akaona kazi yake imekwisha, akageukia geti na kuku wake.

Na hapo, ungo ukiwa bado mkononi, neno ambalo Edmunda alilitafuta Kitonga akalikosa likaja lenyewe, limechelewa na halijachana nywele.

"Mtani," alisema. "Nenda naye polepole. Mngoni akikimbia huacha alichoshika. Babu yako alituachia ngao, wewe usije ukaniachia kuku."

Wilfrida aligeuka kujibu, na katika kugeuka kwapa likalegea. Kuku akatoka kwa kishindo cha manyoya, akapita juu ya mchele, akapita katikati ya miguu ya muuguzi, akakata kona ya kushoto nyuma ya choo akipiga kelele kama king'ora. Mngoni akamfuata, kanga mkononi.

Kizingitini, Faustini alijishika chini ya ubavu wa kushoto. Edmunda alijishika palepale, kwa wakati uleule. Alijua kinachofuata: mchomo kwanza, halafu unafunguka, halafu joto. Kikaja. Faustini alicheka mpaka akaegemea mlango, mpaka machozi yakamtoka, na mkono wake mmoja, bila kutazama, ukampapasa mkewe, ukashika ukingo wa kitenge chake na usiachie.

Alimcheka nani? Inawezekana alimcheka yeye. Inawezekana alimcheka Mngoni anayegombana na kuku nyuma ya choo. Edmunda alisimama pale, akishikwa kitenge, akasikiliza kicheko kile kutoka nje kama zamani, na kwa kitambo kidogo akamwonea wivu hata kuku.